Mazoezi ya Dada Kwandu Nyuma ya Zizi

Magomeni, Dar es Salaam

Mpwa wangu Minza,

Mwangaluka. Mjomba wako ni mzima, na mji huu wote unanijua. Tangu biashara iwe ruksa, wake za wakubwa wanakuja kwangu na magari kuniuliza habari za miili yao. Hata daktari mmoja alinisimamisha barabarani: "Mzee Luhende, tuachie na sisi wagonjwa kidogo." Ninyi hamjambo? Mtama umebeba? Pamba mmeshachuma?

Barua yako niliianza nimesimama, nikaimaliza nimekaa. Kumbe mama yako anafanya kila alfajiri mazoezi niliyomwandikia: kunyoosha mikono juu, kuinama polepole, kuzungusha kiuno. Anajificha nyuma ya zizi kwa kuona haya. Unasema lile joto la ghafla limepungua na magoti yanakunjuka. Hapo nilicheka peke yangu. Halafu nikafika kwenye habari za jirani yenu aliyefiwa na ndama wawili, eti anasema: "Kwandu anaamka kabla ya jua, anayapungia mikono maboma ya watu, kisha anakunywa unga wa kopo lenye maandishi yasiyosomeka. Mnataka ushahidi gani?" Na kwamba kisimani wanawake wanampisha haraka, hawamtanii tena.

Minza, hilo la kutotaniwa ndilo limenizuia kula. Huko kwetu unajua maneno hayo ya uchawi yanavyoishia kwa mwanamke wa umri wake, macho mekundu kwa moshi wa jikoni. Mwambie dada aache kujificha. Anyooshe viungo uwanjani, mchana, na wenzake wa kwaya, wachekane. Na aende zahanati apimwe, maana mimi sijampima.

Nilitaka nije mwenyewe nimnyamazishe huyo mtu kwa sauti hii hii iliyomrudisha simba porini kule Kimali, sina hata fimbo. Lakini treni ina siku zake, maneno hayana. Kwa hiyo mwombe mwenyekiti wa kijiji uisome barua hii mkutanoni, yote. Usiruke mstari, hata ukiona aibu kwa ajili yangu.

Nisalimie dada yangu, baba yako na kikohozi chake, na shangazi yako wa Ngulyati anayeniita mwongo.

Sasa wana mkutano, nisikilizeni. Kopo lile la Kichina nililomtumia dada nililiokota tu. Ndani ni tangawizi na majani ya mlonge, nimetwanga kwa mkono wangu. Mazoezi si uchawi, wala sikufundishwa na daktari. Mimi nalinda geti. Kwenye ua wa jirani wanakutana akina mama wa makamo kunyoosha viungo, nami nilipanda juu ya ndoo nikawachungulia ukutani. Mwalimu wao akaniona.

"Baba, unatafuta nini?"

"Kuku wangu."

"Siku ya nne leo?"

Sijawahi kufuga kuku.

Mjomba wako,
Luhende