Mtakatifu Nikola Kwenye Kompyuta ya Baba

Zrenjanin, 3 Desemba

Kwako dada yangu Jela,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na watoto wako pacha, na kwamba baridi ya Oslo haijawashinda. Sisi hatujambo. Baba anakula, anatembea na kulalamika, kwa hiyo ujue ni mzima kabisa.

Dada, ulisema Baba hukukodolea macho kwenye video bila kujibu, kisha anakata. Ukaapa hutapiga tena. Nimechunguza: kompyuta yake huganda, halafu huzimika yenyewe. Naye unamjua, hawezi kukubali kwamba kitu alichokiunda kwa mikono yake kimezeeka. Nilipomwambia tununue mpya, alijibu kwamba basi na yeye tumtupe.

Alipokwenda kwa shangazi Desanka, nikaamua kumbadilishia prosesa tu, ule ubongo wa kompyuta. Nilisoma orodha ya mtengenezaji ya prosesa zinazokubalika, nikanunua iliyotumika, ikaingia kwenye soketi bila shida. Nikawasha. Kimya. Nilijua nimeiua.

Nikaikimbiza kwa fundi Žarko. Alinicheka, akasema kuingia si kukubaliwa, kwani hata yeye bado anaingia kwenye suti ya harusi yake, ila asithubutu kuinama. Akauliza ubao mama, ule unaobeba prosesa, ni toleo la ngapi, maana kila toleo lina orodha yake. Namba hiyo huchapwa pembeni mwa ubao, na hapo hapo Baba alikuwa amebandika picha ya Mtakatifu Nikola. Mimi nilikuwa nimebahatisha toleo la pili, kwa kuogopa kumgusa mlinzi wa nyumba yetu. Žarko naye akarudisha mikono mfukoni, akasema mtakatifu ni wenu, mbandueni wenyewe. Nikafanya ishara ya msalaba, nikambandua taratibu. Toleo la kwanza! Žarko akanitafutia prosesa yenye nguvu kidogo zaidi, iliyo kwenye orodha ya toleo hilo, kompyuta ikawaka. Nilimkumbatia mpaka akaomba hewa. Mtakatifu nimemrudisha, ingawa amekaa upande kidogo.

Sasa nikuambie nililokuficha. Jumapili ile uliyokasirika, nilikuwa mlangoni. Picha yako ilikuwa imeganda, Baba hajui. Alikuwa anakuomba msamaha kwa kutokuja harusini kwako. Alisema yote, dada, mpaka machozi yakamtoka. Kompyuta ikazimika, naye akaamini umemkatia. Nilikosa ujasiri wa kumwambia kwamba hukusikia hata neno moja.

Leo nimemwambia. Akaniuliza huko kwenu sasa ni saa ngapi. Amekaa mbele ya kompyuta tangu chai ya asubuhi akikusubiri upige, amevaa koti lake la kanisani.

Msalimie shemeji, na pacha uwabusu kwa niaba ya mjomba wao.

Ni mimi mdogo wako,
Vukašin