Kompyuta Yangu Haitoki

Mwanangu,

Fundi akija kuichukua kompyuta yangu akaifanye spea, mwambie haitoki. Chai imo kwenye chupa. Waya usiguse hata mmoja.

Asubuhi nilipopachika ile kadi mpya ya sauti na mashine ikabaki bubu, ulinicheka mbele ya mkeo: "Mama, umri huu ni wa kupumzika." Ulipotoka niliingia kwenye mipangilio, nikakuta sauti bado inapelekwa kwenye kadi ya zamani, ile iliyokufa. Nikachagua mpya. Halafu nikafungua ujumbe wa sauti wa dada yako, ule ambao wewe ulinisimulia kwa neno moja tu: "Anakusalimia."

Kumbe alizungumza mpaka sauti ikamkauka! Ana mimba, mwanangu. Anaogopa, na ananiuliza mimi niliwezaje. Wewe hukusikiliza hata nusu.

Nimekwenda kununua maikrofoni nimjibu kwa kinywa changu mwenyewe. ~~Mnisamehe kwa kelele.~~ Kelele zitakuwepo, tena nyingi. Anayetaka kimya akakae uani.

Mama yenu,
wako na wa dada yako