Ndege Haikubadilisha Siku

Uholanzi,
Jumapili, baada ya kanisa.

Kwa mama yangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta umeketi. Kama umesimama, keti kwanza, tafadhali, na uvae miwani. Habari za hapo Ndabibi? Mvua imeshuka, ama bado mnaangalia mawingu yakienda kunyeshea watu wengine? Mguu wako je? Na presha? Hiyo ya presha nitairudia, maana ndiyo iliyonifanya nishike kalamu badala ya simu.

Sisi huku ni wazima. Mkwe wako Peter anakusalimu sana, na ameshapaka rangi kile chumba kidogo utakacholala. Mjukuu wako anapiga teke mpaka sahani inatikisika nikiiweka juu ya tumbo. Mkunga anasema bado wiki kumi. Kazini wameniondoa kwa ndoo za maji wakanipa kiti, sasa kazi yangu ni kufungua katoni za maua na kuangalia yamefika vipi.

Mengi hutoka huko kwetu, mama. Mwezi huu nimefungua waridi zilizokatwa ng'ambo ya ziwa, pale unapopaona ukiwa juu kwa shamba, na zilikuwa hazina hata jani lililokunjika. Maua husafiri vizuri kuliko watu. Unakumbuka nikikueleza wakati ule nafanya kazi Naivasha? Ua halitolewi shambani likakimbizwa kwa ndege. Linakatwa likiwa bado limefumba, linasimamishwa ndani ya maji kwenye chumba cha baridi likanywa mpaka litosheke, ndipo linafungwa polepole. Lile linalokimbizwa bila kunyweshwa hufika, lakini siku ya pili shingo inalala. Safari yote hutengenezwa nyumbani. Nilifanya kazi hiyo miaka sita nikifundisha wasichana wengine, na zamu yangu ya kusafiri ilipofika nikafanya kinyume.

Wacha nianze na mwanao Kariuki. Alinipigia Jumatano kutoka dukani kwake, pale Free Area.

"Wambui, mathe anajitesa," akasema. "Bag imekaa kwa mlango tangu mwezi uliopita. Haendi chama. Kanisa haendi. Simu anaifunga ndani ya leso anatembea nayo mpaka chooni."

"Kwa nini? Siku imeandikwa kwa tiketi. Ni Alhamisi, na bado wiki tatu."

"Si hata mimi nilimwambia hivyo. Akaniambia hata yako ilikuwa imeandikwa, na bado wakaibadilisha. Anaamka anaoga kabla ya jogoo, ndio wakimpigia wampate akiwa tayari. Ameng'oa hata viazi, Wambui. Hizo waru ziko hivi, kama mayai ya kwale."

Nikamuuliza kama mmepanga maombi ya kukuaga. Akacheka kidogo.

"Amekataa. Anasema ataenda kimya vile wewe ulienda. Ati watu wa ndege hawapangiki, asije akaita watu wakaja bure mara ya pili. Na huko kliniki presha imepanda. Daktari amesema ikikaa hapo juu hataandika ile barua ya kumruhusu kupanda ndege."

Nilimaliza simu nikakaa kwenye ngazi za nyumba. Peter alikuja kuniuliza kama ni uchungu umeanza. Nikamwambia ni uchungu, lakini si huo.

Mama, ndege haikubadilisha siku.

Hakuna mtu aliyenipigia simu ya ghafla. Tiketi yangu ilikuwa ya Ijumaa tangu mwanzo. Mimi ndiye niliyewaambia ni Jumapili, na nilifanya hivyo nikijua ninachofanya.

Unakumbuka safari ya binamu Shiru. Magari mawili, pasta akaomba nyumbani, akaomba tena njiani tulipopumzika Mai Mahiu, kila mzee akataka kusema neno lake, na tulipofika uwanjani dirisha la mizigo lilikuwa limefungwa. Shiru alilia mpaka akatapika. Nilisema moyoni, mimi hayatanipata. Nilikuwa nikitazama kwa simu wale watu wanaofundisha jinsi ya kusafiri bila wasiwasi. Walisema mtu apange mapema, abebe kidogo, aage watu kwa ufupi. Hilo la mwisho ndilo nililolishika, nikalipitisha kiasi.

Lakini hiyo ni nusu ya ukweli, na sitaki kukuletea nusu. Siku ile ya Shiru, nyanya yake alimshika viganja pale mlangoni mwa uwanja, akavitemea baraka, watu wote wakiona. Vijana wawili waliokuwa na mabegi ya magurudumu wakaangaliana wakacheka. Mimi nilisogea kando nikajifanya nasoma ubao wa ndege. Niliona haya, mama. Wewe ni mama wa kanisa, lakini hilo la wazazi wako hukuliacha. Umetufanyia tangu tukienda mitihani: unashika viganja vyetu, unavitemea kidogo tu kama umande, unavifunga kwa vidole vyetu wenyewe na kusema, "Enda, urudi." Nilijua utanifanyia mbele ya watu, na sikutaka wacheke. Sasa nafanya kazi katikati ya watu wa kila nchi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza habari za viganja vyangu.

Sanduku nililitoa mapema nikakudanganya linaenda kupimwa uzito kwa Joyce, yule tuliyefanya kazi naye Naivasha. Joyce ndiye anakuletea barua hii, nimemtumia picha za kurasa zote kwa simu azichapishe. Alijua yote, na kwa miaka mitano amekuwa akiniambia niseme. Usimkasirikie, nilimwapisha.

Asubuhi ile ya Ijumaa ulikuwa kwenye viazi. Nilisimama kwa njia, hata sikuingia shambani, nikasema naenda Naivasha kuchukua karatasi na nitalala kwa Joyce, nirudi kesho. Ulinyoosha mgongo ukainua mkono wenye udongo.

"Urudi mapema tuchague mchele wa wageni," ukasema. "Na ulete chumvi."

Nikasema sawa, mama. Ndilo neno la mwisho nililokuambia nikiwa nimesimama kwenye ardhi ya kwetu. Ndege ilipoinuka nilitafuta ziwa chini, nikawa nafikiria ile chumvi.

Nilipokupigia kutoka huku nikakutungia ule uongo wa ndege kubadilisha siku, ulisema, "Ni sawa, mami. Ndege si ya baba yako." Kuniita mami, kwa sababu nimebeba jina la mama yako, kulinichoma kuliko kama ungenitukana. Nilingoja ukasirike. Kama ungekasirika, nadhani ningesema ukweli siku hiyo hiyo.

Yaliyotokea Jumapili sikuyajua hadi mwaka jana, Kariuki aliponisimulia akidhani ananichekesha. Kwamba wageni walikuja wote, kondoo akachinjwa kwa sababu ulikuwa umeshamwahidi. Kwamba shangazi, Tata Wanjiku, alikuja kutoka Bondeni na kitenge kipya, akauliza mbele ya watu, "Ndege gani hiyo, haina hata dakika ya mtu kuaga mamake?" Na kwamba wewe ulimjibu, "Hujawahi kupanda, utajuaje?" Ukanitetea mama, kwa uongo wangu mwenyewe. Halafu, Kariuki akasema, baada ya maombi uliingia ndani ukashika ile dastikoti, koti langu la kazi nililoliacha kwenye msumari. Ukashika mwisho wa mikono yake, pale viganja hutokea, ukaitemea baraka, ukaikunja mikono ikaelekea ndani. Kariuki alicheka sana kwa simu. Mimi nilisema kuna mtu mlangoni, nikakata.

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu imefika mwisho. Nilitaka safari yangu iwe laini, na kweli ilikuwa laini. Nilifika na mapema, sikupoteza kitu, sikumwona mtu akilia. Sasa naona uzito ule sikuuacha, nilikupa wewe uubebe, na ndio unaokupandisha presha.

Kwa hivyo nisikilize, mama. Fungua hilo begi, toa nguo, rudisha kabatini. Safari yako ni Alhamisi ile ile iliyo kwenye tiketi. Ikitokea kweli ndege ikachelewa, ni jambo la kukaa kwenye kiti na kungoja kidogo, na nitampigia Kariuki. Hakuna mtu atakayekuita ghafla. Lala mpaka jua litoke. Viazi vilivyobaki viache ardhini. Kunywa dawa zako kwa saa zake, na urudi kliniki wiki ijayo ukiwa umepumzika.

Jumapili kabla ya hiyo Alhamisi, ita watu. Ita chama chote, ita pasta, na Tata Wanjiku akae mbele. Waombe wanavyotaka hata jioni iwakute, kwa sababu hakuna gari linalongoja. Jumatano Kariuki atakuchukua mlale kwa dada Njeri, Kitengela, karibu na uwanja. Asubuhi mtakunywa chai bila haraka na mfike uwanjani masaa matatu mazima kabla ya ndege. Ona ilivyo rahisi. Ningefanya hivi na mimi, ningepata safari na baraka zote mbili. Nimelia juu ya jambo hilo kuliko yote.

Pasipoti na tiketi viwe kwa mkoba wa mkononi, pamoja na dawa zote na ile barua ya daktari. Usizitie kwa sanduku kubwa, hilo hutaliona mpaka ufike. Vaa viatu vya kuchomeka, maana huenda wakakuambia uvitoe. Beba sweta nzito, ndani ya ndege kuna baridi kama Kinangop mwezi wa saba. Nyama na maziwa haviruhusiwi kuingia huku, na uji wako wa chupa watauchukua palepale Nairobi, kwa hivyo unywe nyumbani. Njahi, yale maharagwe yetu meusi, usihangaike nazo, kuna duka la Waafrika hapa karibu, nitazinunua mwenyewe unipikie. Uwe na peremende za kumumunya wakati ndege inashuka, masikio huziba. Amka utembee kidogo katikati ya viti, mguu usivimbe.

Nimekuombea pia kiti cha magurudumu. Najua utasema, "Mimi nabeba debe la waru, nisukumwe kwani nimekuwa nani?" Si kwa sababu ya miguu. Anayesukumwa hapangi foleni na hapotei, anatolewa mlango mmoja akafikishwa mwingine, na mwisho wa milango yote nitakuwa nimesimama mimi. Kubali tu siku moja usukumwe.

Kariuki hajui haya. Nitamwambia mwenyewe leo jioni, usijipe kazi hiyo. Wale wengine uwaambie ukitaka, na ukiwaambia usinitetee tena. Na kama ukimaliza kusoma utaona huwezi kuja kwa mtu aliyekufanyia hivi, nitaumia, lakini sitakuwa na la kusema. Nakuomba tu usiache kwa sababu ya presha niliyokupandisha mimi. Nisamehe, mama. Nilijua unanipenda, nikakufanya wewe ndiwe kizuizi cha safari.

Msalimie pasta, umwambie maombi yake marefu nayatamani. Msalimie mama jirani anayetuazima sufuria kubwa, utaihitaji tena Jumapili hiyo. Watoto wa dada Njeri uwaambie mama yao mdogo anawakumbuka. Tata Wanjiku umpe salamu za pekee, na umwambie lile swali lake lilikuwa la haki, jibu ndilo lililokuwa la uongo. Nimemtumia Joyce pesa ya kilo moja ya chumvi akununulie Naivasha kabla hajafika kwako. Ipokee.

Ile dastikoti ibebe, haina uzito. Lakini ukitokea kwenye ule mlango, usishike tumbo kwanza, na usiniulize habari. Kutakuwa na watu wengi sana pale, wa kila rangi, na wengine watatuangalia. Utanipata nimekunyooshea viganja, vyote viwili, vikiwa wazi.

Ni mimi mwanao, niliyeenda bila kuambiwa nirudi,

Wambui