Jina la Marehemu Linafungua Kompyuta Saa Saba Mchana

Bibi Anyesi, shikamoo. Naomba unisaidie kabla sijatenda dhambi. Nina kampuni hapa Dodoma mjini, tunauza vitanda vya wagonjwa na madawati kwa zabuni, na karani wetu wa bei, Octavian, alifariki Februari, tukaona haya kulifuta jina lake kwenye kompyuta kabla ya arobaini, na baada ya arobaini hakuna aliyethubutu, basi sasa kila Ijumaa saa saba mchana, ofisi ikiwa tupu, kompyuta inaandika kwamba Octavian ameingia, na tukirudi kiti chake kina joto, Bibi, na zabuni tatu tumezikosa kwa tofauti ndogo mno, kama vile mtu ameisoma bahasha yetu, fundi Damas ana orodha ya wanaoingia kwenye kompyuta, Joha anayetunza funguo ana daftari lake, mlinzi Elieza ana daftari la wageni na hakuna mgeni aliyeandikwa, ankara ya simu ya ofisi iko kwa mhasibu, na kila mmoja ananiambia kwake hakuna tatizo. Wafanyakazi wanasema ni mjane wa Octavian, Paulina, anayetufanyia usafi, ndiye anayemwita mumewe. Wanataka nimfukuze Jumatatu, la sivyo wanaondoka wote. Nifanyeje?
Methusela, Dodoma

Marahaba. Mimi niliishia darasa la pili, wewe umesoma, akili umeiweka wapi? Nimeosha maiti Hombolo na Mvumi, sijaona hata mmoja aliyepasha kiti joto. Huyo anayekaa hapo anakula ugali na anakuamkia kila asubuhi. Hilo ndilo la kuogopa.

Daftari la wageni! Kwani mwenyeji haibi? Elieza anamwandika asiyemjua. Anayemjua anamfungulia geti na salamu juu.

Leo hii kusanya orodha, madaftari na ankara kwenye meza moja, usimwambie mtu. Shika Ijumaa moja: nani alichukua ufunguo, simu ilipigwa wapi, kompyuta iliandika nini, saa ngapi. Kisha Ijumaa nyingine, na nyingine. Kuna jina litajirudia. Kuanzia hapo daftari liwe moja, na kila anayeingia aandikwe, hata wewe, hata mkeo. Na jina la Octavian lifute! Heshima gani hiyo, kumwachia mwizi alivae?

Ati umfukuze Paulina. Jina la mumewe linaibwa kila wiki, halafu mchawi ni yeye! Jumatatu mwite mbele ya hao hao, umwombe radhi kwa sauti, kisha usome jina ulilolipata. Mganga usimwite. Ita polisi.