Mahari Yangu Haisomeki

Jumapili. Mvua ya hapa Saint-Josse, Brussels, haijakata tangu alfajiri, nami nimejifungia chumbani. Mahari yangu iko juu ya kitanda, na kila nikiiangalia moyo unakataa.

Kwa wanaonisoma kwa mara ya kwanza: Ijumaa naolewa na Yasini, mtu wa Buyenzi, Bujumbura, kama mimi. Anaendesha mashine ya kuchimba misingi ya majengo huko pwani ya Flandria. Nilipoulizwa mahari nilitaja mkufu wa dhahabu, mwembamba tu, nisimtie mtu shida. Juzi akaja na mkufu, na kwenye mkufu kinaning'inia kidani: kiduara cha dhahabu, ukubwa wa kifungo cha koti, kimeandikwa Kiarabu pande zote mbili. Alisema amekinunua Midi, kwenye soko la Jumapili, kwa mzee mmoja Mmoroko.

Shangazi, ninayeishi naye, alipiga vigelegele mpaka jirani akagonga ukuta.

Mimi nikakisoma. Yaani, nilijaribu. Miaka yote ile ya madrasa, na sikupata neno hata moja. Herufi zinaanza vizuri, halafu zinageuka vijiti tu, nyingine zimesimama kichwa chini. Nikajua ni feki. Yasini ametapeliwa, ama anataka kunitapeli mimi.

Nikapekua picha kwenye simu hadi nikaona kinachofanana nacho, na kumbe kiko hapahapa mjini, kwenye jumba la makumbusho. Jana nilikwenda peke yangu. Ndani ya kioo, dhahabu ileile, vijiti vilevile. Maelezo yalisema kwamba zaidi ya miaka elfu moja iliyopita sarafu za Waarabu ziliaminika hadi huku kaskazini, basi mafundi wa huku, wasiojua alifu wala be, wakayanakili maandishi yake kwa macho tu. Nyingine zikavaliwa shingoni kama pambo. Wakristo wamening'iniza jina la Mungu kwa Kiarabu na hawana habari! Siku nyingine ningecheka.

Jana sikucheka. Kama herufi mbovu ndiyo dalili ya ukale, basi changu huenda si feki. Na kitu kama hicho hakiuzwi Midi kati ya soksi na zeituni. Kinatoka ardhini, na ardhini ndiko kwenye kazi ya Yasini.

Sijawahi kuomba Mungu anipe dhahabu feki. Jana niliomba.

Nyumbani nikachokoa nyuma ya kishikizo kwa sindano. Ukatoka udongo mweusi. Shangazi akaniona.

"Bon, weye utatafuta kosa mpaka lini? Utabakia peke yako!"

Labda ni kweli. Mimi ni mtu wa kushuku. Hata daktari wa meno niliwahi kumwomba vyeti. Lakini kilichookotwa kazini kikafichwa mfukoni si chake kunipa. Nikikipokea nikijua, hiyo ndoa nimeianza na nini?

Leo mchana amekuja kunywa chai. Nilingoja Shangazi aingie jikoni, nikamuuliza taratibu, "Yasini, hii kitu ulichimba wapi?"

Nilitamani akasirike. Acheke, aape, aniite kichaa.

Aliweka kikombe chini, akatazama mlango wa jikoni, kisha akaninong'oneza, "Umeambia nani?"

Nimeumia, na nimeogopa pia, kwa sababu sikuwahi kuisikia sauti ile kwake. Ameondoka akisema ana haraka.

Kesho nitamrudishia kidani mkononi. Akipeleke kwa wanaohusika, aseme alikitoa wapi, kisha aniletee mkufu mtupu. Akifanya hivyo, Ijumaa iko palepale. Nampenda, siwezi kujidanganya.

Ila siku atakayochelewa kurudi, akaniambia alipitia sokoni, nitamwamini?