Kabla Hajaanguka

Jumatatu, 4 Machi

Baba watoto bado yuko wodini. Bandeji kichwani, mkono umefungwa, mdomo mzima – analalamika uji hauna sukari. Nashukuru. Mtu ameanguka kutoka juu ya ngazi hadi kwenye saruji, na bado anadai sukari. Huyo yupo.

Daktari ni mgeni, Kiswahili hajui hata salamu. Nesi anayetutafsiria yuko likizo. Basi nikajitutumua na Kiingereza changu cha darasa la jioni. Nikaeleza kama fundi mwenzake alivyonieleza: akapanda ngazi, akapaka rangi, akanyamaza, akaanguka. Zote nikaziunga kwa and. And, and, and. Tena sidhani hata kama nilizipanga sawa. Daktari akasikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza kipi kilianza, kunyamaza au kuanguka. Before? After? Nikaitikia yes kwa yote mawili.

Akanieleza polepole, kwa mikono. Kama aliteleza tu, Ijumaa anarudi nyumbani. Kama alizimia kwanza – akagusa kifua chake, akatikisa kichwa.

Leo usingizi sidhani kama utakuja.

Jumanne, 5 Machi

Kazini nimekanda unga kama ninaupiga. Bosi hakuuliza kitu. Aliniletea kiti tu. Mungu ambariki.

Jioni darasani nikamwambia Mwalimu yote. Alifuta alichokuwa ameandika ubaoni. Akasema, leo mama wa mikate ndiye somo letu. Akaniambia nieleze nilichofanya kazini asubuhi. Nikaanza: I mixed and I kneaded and I waited and… Wenzangu wakacheka, nami nikacheka.

Mwalimu akasema sisi tumezoea kudekezwa. Ile -ka- yetu inabeba mpangilio mgongoni: nikachanganya, nikakanda, nikasubiri, nikachoma. Kila tendo linajua liko nyuma ya nani. And inaweza kubeba hivyo pia, lakini ukizipanga vibaya hakuna wa kukuokoa. Palipo na jambo zito, mweke msimamizi katikati: before, after, when, until.

Nikamwuliza, ukitaka kusema hiki ndicho kilianza na mtu asibishe? Akasema, chukua before, uishike kwa mikono miwili.

Alinibakisha baada ya wenzangu kuondoka, tukafanya mazoezi mpaka mlinzi akaja kufunga. Nilitaka kumlipia nauli ya kurudi, akakataa, na wala hakutaka nimshukuru.

Jumatano, 6 Machi

Leo nimekwenda kwenye lile jengo wanalopaka. Fundi mwenzake alikuwa anakoroga rangi. Nikamwambia, shemeji, nisimulie upya, usiruke kitu.

Akakaa juu ya ndoo. Anasema baba watoto alikuwa anapaka kona ya dari. Akaomba kitambaa. Yeye akainama kukichukua. Huku nyuma baba watoto alikuwa anasimulia habari za mpira, akakatisha neno katikati. Brashi ikaanguka. Halafu ndipo baba watoto mwenyewe akaanguka.

"Shemeji, mtu anayeteleza hushika chochote, hata hewa. Yeye mikono ilikuwa inaning'inia tu."

Machozi yakamlenga. Ndiye aliyembeba mpaka barabarani, peke yake, na mgongo wake ule mbovu. Nilimshika mkono.

Nikapitia hospitali. Nikamwambia baba watoto nilichosikia. Akageukia ukutani.

"Niliteleza, mama watoto. Usinitafutie ugonjwa."

"Sikutafutii. Nataka daktari ajue."

"Akijua, nani atanipandisha ngazi tena?"

Nikamkunjia shuka, nikamtengenezea mto. Hatukuagana vizuri.

Alhamisi, 7 Machi

Bosi alinibadilishia zamu ili nimwahi daktari anapozunguka wodini. Nilikuwa nanong'ona sentensi zangu tangu lango la hospitali, watu wakanitazama kama niliyepagawa.

Daktari akafika kitandani. Baba watoto akafumba macho, anajifanya amelala. Nikasema: He stopped talking before he dropped the brush. He dropped the brush before he fell. Neno la kuzimia likanikimbia. Nikasema alilala kabla hajaanguka, mikono haikushika kitu.

Daktari akaacha kuandika. Akaniomba nirudie. Nikarudia, before zangu zote mahali pake. Akavuta kiti, akakaa. Akasema thank you – yeye, kwangu.

Kufika mchana baba watoto alikuwa na nyaya kifua kizima na mashine inalia pembeni. Kaninunia. Lakini chai yangu kainywa.

Ijumaa, 8 Machi

Naandika nikiwa kwenye benchi, nje ya chumba cha upasuaji.

Mashine imeona. Moyo ulisimama kidogo akiwa usingizini, ukaanza tena. Wanamwekea kifaa kidogo chini ya ngozi cha kuuamsha ukisahau kazi. Daktari anasema bila maelezo yangu ya jana angemruhusu leo, na mkono ukipona angerudi juu ya ngazi.

Walipokuja kumchukua, baba watoto akanishika kanga. Sauti ya chini kabisa.

"Nilishawahi kuzimia bafuni. Nikainuka, nikanawa uso, nikaja mezani, tukala."

Tukala. Kalisema vivyo hivyo, nyuma ya kunawa uso.

Akasema, mtafsirie daktari. Nikamtafsiria, polepole, kila tendo na msimamizi wake. After he washed his face, he ate with us. With us nikaisema mara mbili. Daktari hakunikatiza, alisubiri. Nikamwambia baba watoto, asante kwa kusema. Akajibu, asante kwa kubisha.

Mlango ukafungwa. Fundi mwenzake yuko hapa, kaniletea chai, bado amevaa shati la kazi lote rangi. Mwalimu katuma ujumbe anauliza hali.

Kabla hajaingia, daktari alinigeukia: When he wakes up, I will call you. Nimekuwa nikiitafuna sentensi hiyo tangu hapo. Kwetu ni akiamka – neno hilohilo la hakika na la shaka. Wao wana mawili, na angeweza kusema if. Alisema when. Nimeisikia vizuri.

Mlango umefunguka. Nesi anasukuma toroli tupu, anapita. Shemeji ameinuka, amekaa tena. Bado sijaitwa. When –