Asumini Chini ya Dirisha Lako

Dada yangu mpenzi,

Huku hatujambo, na kazi ya miche imenipa jina. Siku hizi hata hakimu hapandi ua bila kuniuliza mimi, niliyekimbia shule darasa la sita! Wasimulie wenzako wa kazini huko ughaibuni.

Jana shemeji alikuja bandani kwangu. Mtu asiyetofautisha waridi na mchicha, akaagiza asumini ya kutambaa, ya kupanda chini ya dirisha la chumba chenu.

"Shemeji," nikamwambia, "mkeo akinusa asumini anavimba macho kama chura. Umesahau?"

"Wewe uza tu, bwana. Nitapanda mwenyewe."

Mwenyewe! Jembe hajawahi kulishika. Mimi nimetembea, dada, na namjua mwanamume anayechaguliwa maua. Aliyemchagulia haya hatarajii kwamba utarudi.

Labda nimekosea, na nikikosea nitamwomba radhi kwa magoti. Lakini nilimwambia asumini imekwisha, na kumbe imejaa tele nyuma ya banda. Ataipata kwa mwingine wiki hii hii. Omba likizo, dada, uje bila kumwambia.

Ni mimi mdogo wako,
Daktari wa Maua